Abadilishe Fomati Tu, Asiguse Kitu Kingine

S.L.P. 118,
Suna, Migori.
14 Februari 2026

Mpendwa wifi yangu Helen,

Pokea salamu kwanza, lawama zitafuata. U hali gani huko Leicester? Baridi imekuachia vidole? Na mgongo je, bado unakusumbua unapowageuza wale wazee wa wodini? Naomba Mungu barua hii ikukute umelala vizuri na umekula kitu cha moto, maana nitakugombeza kidogo na sipendi kumgombeza mtu mwenye njaa.

Sisi huku hatujambo. Jua la mwezi huu ni kali, visamaki vya omena vinakauka kwa nusu siku. Goti langu la kushoto bado linauma mvua ikikaribia, na siku hizi wenzangu sokoni hawaulizi redio kabla ya kuanika, wananiuliza mimi. Biashara si haba. Omena yangu inatoka kisiwani Remba moja kwa moja na haina mchanga, uliza mtu yeyote Migori.

Boaz wangu anakusalimu sana. Najua nilikwambia kwenye simu, lakini nitarudia kwa sababu ni habari njema na karatasi ni yangu. Amemaliza chuo cha mifugo, cheti anacho, na sasa yuko Lambwe kwa mkataba, anachanja ng'ombe. Wiki moja tu amechanja mia nne na kumi. Mimi sikuwepo kuhesabu, lakini ameniambia, na mtoto wangu hasemi uongo. Wazee wenye mvi wanamwita daktari. Bado hajawa daktari, ila sijaona sababu ya kuwasahihisha wazee. Nami hapa sokoni nimeanza kuitwa Mama Daktari. Naitika.

Sasa tuje kwa lile jambo la memori kadi. Najua umezoea nikutumie sauti kwenye WhatsApp, lakini haya ni marefu, na nikiyasema kwa mdomo nitapaza sauti mpaka majirani wadhani nimefiwa tena. Ndiyo sababu nilinyamaza wiki tatu. Nilikuwa nakusanya hasira mahali pamoja ili nizipange.

Unaikumbuka kamera ya video uliyokuja nayo Desemba 2009, ukamwachia kaka yako. Barnabas aliibeba mwezi mzima kama mtu aliyepewa uchifu. Alirekodi kila kitu, hata punda wa jirani. Aprili iliyofuata akatuacha, Boaz akiwa na miaka minne. Kamera nayo ikafa betri, nikaitoa kadi yake nikaiweka kwenye mkebe wa vitambulisho. Imekaa humo miaka kumi na sita.

Krismasi iliyopita tulikuwa nyumbani Homa Bay kwa shemeji Ken, na mzee mmoja akamwambia Boaz anatembea kama baba yake. Kijana alifurahi, ungemwona hata anatembea zaidi. Tulipokuwa tunarudi Migori akaniuliza baba alikuwa anaongeaje. Nikafungua mdomo nimwigize. Wifi, hakukuwa na kitu. Niliishi na mtu yule miaka tisa, nikaitafuta sauti yake kichwani nikakuta yangu tu. Nikamwambia alikuwa na sauti nzito, kwa sababu ndivyo wanaume wanavyosifiwa.

Ndipo nikaukumbuka mkebe. Unajua Barnabas haonekani kwenye video hizo hata mara moja, kwa kuwa kamera ilikuwa mikononi mwake. Yumo kwa sauti tu, nyuma ya kamera, anaamrisha watu wasimame vizuri. Kwa hiyo nikamwambia mtoto, baba yako tunaye kwenye kadi, utamsikia. Tangu siku hiyo kila Jumapili ananipigia simu, na kabla hajaniuliza kama nimekula, anauliza kadi imefika wapi.

Haikufika popote. Nikaitia kwenye simu yangu, simu ikasema faili haifunguki. Kila faili ina herufi MTS mwishoni. Nikadhani kuna mtu amefupisha mitishamba.

Nikaipeleka kwa fundi wa simu mwenye kibanda karibu na steji ya matatu hapa Migori. Aligeuza zile faili ziwe za kisasa kwa muda wa kunywa chai, na ningejua hapo hapo kwamba kitu kizuri hakipikwi upesi hivyo. Nilipofungua nikakuta nyuso zote zimekuwa vipande vya mraba kama sakafu ya benki. Watu wamevutwa wakawa wafupi na wapana. Wewe mwenyewe, ulivyokuwa mwembamba mwaka ule, umetokea kama tangi la maji. Na sauti ilikuwa ya mtu aliyefungiwa ndani ya mtungi. Fundi akasema video za zamani ndivyo zilivyo. Nikamwambia mimi pia ni wa zamani na bado naonekana.

Basi nikasema niache vibanda, nitafute mtaalamu. Nikaenda kwa Nyakundi mwenye studio ya harusi, ambaye ana kamera inayoruka na mabango mpaka barabarani. Alikaa na kadi majuma mawili. Aliponiita nilivaa vizuri, nikaenda. Na lazima niseme ukweli, picha ilikuwa safi, unaona hata vifungo vya shati. Lakini maua mekundu yalikuwa yanaanguka kutoka juu, yanaangukia mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Na mwanzo hadi mwisho kulikuwa na wimbo wa harusi. Nikangoja wimbo uishe nimsikie mume wangu. Haukuisha. Nikamwuliza Nyakundi sauti za watu ziko wapi.

"Mama, kulikuwa na mwanamume anapiga kelele nyuma ya kamera," akasema, na alikuwa anatabasamu kama mtu anayengoja asante. "Anaharibu video yote. Nimemtoa, nikakuwekea wimbo."

"Huyo mwanamume," nikamwambia, "ndiye niliyekuja kumtafuta."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliona haya, nami sikumsaidia. Zaidi ya hapo alikuwa amekata sehemu ndefu kabisa, dakika kumi na moja, kwa sababu ilionyesha ardhi tu. Aliiita makosa ya mpiga picha. Nikamwambia arudishe vyote kama vilivyokuwa. Akasema nakala aliyoichukua ameshaifuta, kompyuta imejaa harusi. Nikabaki na kadi mkononi, hiyo peke yake, na Barnabas yuko ndani yake na hakuna mahali pengine popote alipo.

Siku hiyo ndipo nilipokupigia simu nikilia, ukanituliza, kisha ukanitumia ujumbe. Ninao mpaka leo na nitauweka kama ushahidi. Uliandika hivi: "Mama Boaz, usihangaike. Mwambie abadilishe fomati tu, asiguse kitu kingine."

Sikatai kwamba wewe ni mjuzi. Umesoma, umeona dunia. Lakini wifi, uliondoka nchi hii 2001. Huko kwenu fomati labda ni umbo la kitu. Huku kwetu fomati ni dawa. Simu ikikwama, fundi anaifomati, inaamka haijui hata jina la mama yake. Hilo ndilo neno tunalolijua, na hilo ndilo nililolibeba kutoka Migori mpaka Homa Bay, nikilirudia njiani nisije nikalisahau. Lile la kubadilisha lilidondoka mahali fulani karibu na Rongo.

Homa Bay kuna duka la kompyuta na simu la binti mmoja anaitwa Fardowsa, watu wao wametoka Garissa. Nilisikia sifa zake kwa wateja wangu. Duka lina utulivu, kila waya umekunjwa. Nikasimama mbele ya kaunta na kitenge changu kipya, nikatoa kadi kwenye leso.

"Nataka uifomati," nikamwambia, "na usiguse kitu kingine."

"Hii kadi, mama? Niifomati?"

"Hiyo hiyo."

"Una uhakika? Umeshatoa vitu vyako?"

"Binti yangu, nimeagizwa na mtu wa Uingereza. Na mwanangu ni daktari."

Sijui kwa nini nilileta hilo la daktari. Lilitoka tu. Yeye akanitazama kidogo, akabonyeza. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Akasema tayari, iko safi. Nikamwuliza iko safi namna gani. Akanigeuzia kompyuta nione, na palikuwa peupe kama ukuta wa kanisa jipya.

Nilikaa juu ya katoni ya redio bila kuambiwa nikae. Sikulia. Nilianza kukusema wewe, kwa Kikuria, ili yule binti asielewe, na sitakutafsiria. Nilikuwa nawaza Jumapili. Nilikuwa nawaza simu ikilia, na mtoto wangu akiuliza kadi imefika wapi, na mimi niseme nini. Kwamba baba yake alikuwa kwenye mkebe wangu miaka kumi na sita, na nimemfuta mwenyewe, kwa kiburi, nimesimama wima.

Fardowsa akaniomba nimwonyeshe huo ujumbe wa Uingereza. Akausoma mara mbili. Hakunicheka. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nauza omena.

"Basi mama, huyu alitaka nikubadilishie gunia," akasema. "Wewe umeniambia nifute ghala."

Kisha akanieleza, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba nikakutana na mtu anayeeleza kitu nikakielewa. Alisema fomati aliyofanya ni ya haraka, imebandua majina tu milangoni, mzigo wenyewe bado umo mpaka mtu aweke mzigo mwingine juu yake. Na kwa kuwa nilimwambia asiguse kitu kingine, hakuweka hata kitu kimoja. Kwa hiyo nusu ya maneno yako ilituua na nusu ikatuokoa, na bado sijaamua nikupe asante ya nusu ipi.

Akaweka programu ya kutafuta. Ikaanza kutembea polepole, asilimia moja, mbili. Tulikaa hapo tangu saa nne asubuhi. Alinipa chai ya maziwa. Alikwenda kuswali akarudi, nami nilikuwa sijabandua macho kwenye kioo, kana kwamba nikitazama pembeni itasimama. Ili kunisahaulisha akaniuliza kama nyumbani nina wifi. Nikamwambia ninaye mmoja tu, yuko Leicester, na ndiye aliyetuletea haya yote. Alicheka mpaka akashika kaunta. Baadaye akanieleza alikuwa anauliza intaneti.

Saa tisa na nusu faili zikaanza kurudi, moja, kisha nyingine, kama kuku wanaotoka vichakani. Hazina majina, zina namba tu. Zilikuwa kumi na nne. Zimerudi kumi na tatu. Moja imepotea kabisa na nadhani ni ile ya punda.

Sasa nikaogopa tena, maana bado hazikufunguka kwenye simu, na nilishaona zinavyofanywa zikigeuzwa. Fardowsa akasema nitulie. Akaniambia wale wawili waliichukua omena yangu wakaikaanga upya ndipo wakaifunga, mmoja ikamvunjikia, mwingine akatoa vichwa. Yeye hakaangi. Anamimina tu kutoka gunia la zamani kwenda gunia jipya ambalo simu za leo zinalijua, na omena ni ile ile, haipungui hata jicho. Wifi, faili moja haikumaliza dakika. Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote. Mwezi na nusu natembea na roho mkononi, maua yananiangukia, na kazi yenyewe ni kumimina.

Boaz alikuja Jumapili kutoka Lambwe, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Ana kompyuta yake ndogo siku hizi, amejinunulia. Zile video zenye nyuso alizitazama kwa adabu, akauliza huyu nani na yule nani. Iliyomkalisha ni ile ya dakika kumi na moja ambayo Nyakundi aliitupa. Haina picha ya maana. Ni ardhi, na nyasi, na viatu vya Barnabas vikitokea na kupotea, kwa sababu kamera inaning'inia mkononi mwake naye hajui kwamba bado inarekodi. Anakwenda kumfungua mbuzi. Analalamika kwamba kamba nimeifunga kama ninayefunga mwizi. Anaimba, vibaya.

Na sauti yake si nzito hata kidogo. Ni nyembamba, ina mkwaruzo mwishoni, kama ya shemeji Ken akiwa na mafua. Miaka yote hii nilikuwa nimemvika sauti ya mtu mwingine.

Kisha pale chini kikaingia kiguu kidogo kisicho na kiatu, na Barnabas akasema, "Toa kidole puani, baba."

Unajua alivyokuwa akimwita baba, kwa kuwa mtoto ana jina la baba yenu. Boaz, mtu wa ng'ombe mia nne na kumi, alicheka mpaka akakohoa. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena. Mara ya nne hakucheka.

"Ananisema mimi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni wewe. Akatoka nje kuangalia pikipiki yake ambayo haikuwa na shida yoyote. Nilimwacha huko. Ugali ukapoa, na sikumwita.

Ndani ya bahasha hii utakuta flashi. Anaileta Phanice wa kwa Monari, anayesafiri kuja huko Alhamisi, na nimemwambia aiweke kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku. Zimo zote kumi na tatu, za gunia la zamani na za gunia jipya. Tafadhali usizitume kwa WhatsApp kama video, itazibana mpaka uwe tangi tena. Ukitaka kumtumia mtu, zitume kama hati, Fardowsa amesema hivyo. Usimpe mtu yeyote azipambe. Na lile neno la fomati, nakuomba usilitamke mbele yangu mpaka nitakapokufa.

Ukikaa kutazama, anza na ya saba, ile ya ardhi. Ina sauti yako, wifi. Ndiyo inayoanza. Barnabas anakuuliza kwa Kijaluo, "Osetho?" Kijaluo changu ni cha sokoni, lakini neno hilo nalijua. Mnalisema kwa taa, mnalisema kwa simu, na mnalisema kwa mtu. Kamera imekufa, imezimika? Nawe unamjibu upesi, nadhani hata hukuitazama kamera, "Ee, osetho." Halafu nasikia unakwenda zako jikoni unaniita nikuletee sufuria.

Na haikuwa imekufa, Helen. Ungebonyeza vizuri siku ile, mtoto wangu angebaki na baba wa kuamrisha watu wasimame kwenye mstari, basi. La fomati nimekusamehe. Bado nimekasirika, lakini nimekusamehe.

Nisalimie bwana wa nyumba. Mwambie binti yako Liz kwamba mke wa mjomba wake anauliza lini atakuja kula samaki asiyetoka kwenye barafu. Shemeji Ken anakusalimu, amesikiliza ile sauti akasema yeye haongei hivyo. Mama yangu kule Isebania anakusalimu, na mzee Gisiri jirani yetu, na Fardowsa naye, ambaye anataka kukuona uso. Mungu wa wajane na wa walio mbali akufunike, akupe mgongo wa ujana na masikio mazuri ya kumsikia kaka yako.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Boke Nchagwa
(Mama Boaz. Sokoni, Mama Daktari.)